Umuulize nani: simu, shehe, daktari au wakili?

Siku ya tano baada ya kumzika baba mdogo, tulikuwa bado tumekaa jamvini nyumbani kwake hapa Bombo, Uganda. Chai ya tangawizi ilikuwa inazunguka, watoto wamelala, na mazungumzo yakafika pale ambapo matanga mengi hufika: mali. Mpwa wangu, kijana msomi na mtaratibu, akatoa simu mfukoni, akafungua programu ya akili mnemba, akaandika kwa Kiswahili: mtu wa Uganda amefariki bila kuacha wasia, ana mke, watoto watano na dada aliyekuwa akimtegemea, mali yake inagawanywaje? Hazikupita sekunde kumi. Simu ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu pale: mjane asilimia 15, watoto 75, ndugu wategemezi 9, mrithi wa kimila 1.

Mjomba mmoja akasema sisi ni Waislamu, iulizwe kwa sheria ya dini. Kijana akauliza. Ikasema mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kwamba tufungue shauri katika Mahakama ya Kadhi iliyo karibu nasi. Akauliza mara ya tatu, tuanzie ofisi gani. Ikasema RITA, wakala wa usajili na ufilisi, au Mahakama ya Mwanzo. Mzee aliyekuwa ameegemea ukuta akashusha pumzi, akasema, "Basi, imeshasema." Nyuma ya pazia la mlango mjane alikuwa anasikia kila neno.

Neno hilo, "imeshasema", halijanitoka masikioni. Asilimia 15 ni ya sheria ya zamani. Sheria ya Mirathi ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mjane au mgane ana 20, watoto 75, ndugu wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Thumni ya mjane ni sahihi kwa hesabu ya dini, ila hiyo mahakama tuliyoelekezwa ni ya Kenya. Kwetu Katiba ya 1995 inazitaja mahakama za makadhi katika ibara ya 129, na kazi ya kuziunda imeliachia Bunge. RITA na Mahakama ya Mwanzo ni za Tanzania. Swali la kwanza lilikuwa na neno "Uganda", mawili yaliyofuata hayakuwa nalo, na mashine iliposikia Kiswahili ikatuvusha mpaka, kwanza Busia kwenda Kenya, kisha Mutukula kwenda Tanzania.

Nafundisha Kiswahili, na watu wa mtaani huniletea barua na fomu niwasomee. Kwa hiyo swali la nani aulizwe nini hunifikia karibu kila wiki. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule mjane.

Elimu yao inatoka wapi

Mashine hizi tunaziita akili mnemba, wengine husema akili bandia, na wapo wanaosema akili unde. Ndani yake hamna kabati la vitabu linalofunguliwa kila ukiuliza. Zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na kila jibu zinalisuka upya, neno baada ya neno. Ndiyo maana sauti yake ni ileile inapopatia na inapokosea. Binadamu asiyejua huchelewa kidogo, hukohoa, hutazama pembeni, nawe ukamshtukia. Mashine haikupi dalili hiyo. Baadhi siku hizi hupekua intaneti kwanza na kukuonyesha kurasa zilizozisoma, na hizo ni afadhali, mradi uzifungue kurasa zenyewe na usome.

Na hayo maandishi ni ya nani? Karibu nusu ya kurasa za intaneti ni za Kiingereza. Kiswahili chote hakifiki hata asilimia 1, na hicho kidogo kwa sehemu kubwa kimeandikwa Tanzania na Kenya. Uganda tuliitangaza lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likapitisha mwaka 2022 ifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mambo yetu ya sheria, afya na ardhi bado tunayaandika kwa Kiingereza. Anayeuliza kwa Kiswahili kutoka Bombo, Arua au Kisenyi anaulizia kwenye kisima kilichochimbwa na jirani.

Aliyekaa madrasa analijua swali la kwanza la elimu: umeipokea kwa nani? Hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake. Hutazamwa isnadi: nani alimsikia nani, je walikutana kweli, yupi alijulikana kwa ukweli, yupi kumbukumbu ilimpotea uzeeni. Wanachuoni waliandika habari za maisha ya maelfu ya wapokezi kwa ajili ya kazi hiyo tu. Shehe mwenye ijaza, yaani idhini ya kufundisha aliyopewa na mwalimu wake, anaweza kukutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Wakili ana cheti anachokihuisha kila mwaka. Daktari yumo katika daftari la baraza lake, na akiharibu anaweza kufutwa. Wote hao wana mahali pa kushikwa.

Mashine ukiiuliza imepokea kwa nani, inaweza kukutengenezea jina. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja yenye kesi walizopewa na ChatGPT, mashine ya namna hii, zikiwa na majina ya wadai na hukumu zilizonukuliwa vizuri. Hazikuwahi kuwepo. Mmoja wao aliirudia mashine akaiuliza kama ni za kweli, ikamwambia ndiyo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Angalia aliyelipa: wanasheria wenyewe, kwa sababu wao ndio waliokuwa na leseni.

Mirathi, hesabu kwa hesabu

Nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoona tofauti kwa macho.

Tuseme, ukiacha nyumba ya familia, marehemu ameacha shilingi milioni 24: fedha za kahawa, bidhaa za duka, pikipiki mbili za bodaboda. Mke mmoja, wavulana wawili, wasichana watatu, wote watu wazima, na dada mzee aliyekuwa akila kwake. Wazazi wamekwishatangulia.

Kwa sheria ya nchi iliyorekebishwa, mjane ana milioni 4 na laki 8. Watoto wana milioni 18. Ukiwagawia sawa, kila mmoja ni milioni 3 na laki 6. Dada ana 960,000. Mrithi wa kimila ana 240,000. Nyumba ya familia haimo katika mgao huo, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa.

Kwa faraidhi, yaani hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mjane ana thumni, yaani milioni 3. Zinabaki milioni 21 za watoto, mvulana mafungu mawili, msichana fungu moja, jumla mafungu saba ya milioni tatu tatu: kila mvulana milioni 6, kila msichana milioni 3. Dada hapati fungu, kwa kuwa wavulana wapo. Angeweza kuachiwa kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali.

Hesabu hizi, ukiipa mashine sheria sahihi na warithi sahihi, inazifanya bila shida. Zamani ilitubidi tumngoje mtu mmoja wa Kibuli aje na daftari lake, na sasa kijana anazipiga jamvini. Hilo ni jema kabisa, na nimemwambia mpwa wangu aendelee.

Lakini tulipomwita shehe, hakuanza na hesabu. Aliuliza deni. Nani alikuwa anamdai marehemu? Watu wakatazamana. Ikatoka kwamba kulikuwa na deni la mbolea, na mahari ya mke yaliyokuwa hayajamalizwa. Akasema hayo yanatoka kwanza, baada ya gharama za maziko, kabla ya fungu la mtu yeyote, na kwamba mahari ni deni kama madeni mengine. Kisha akauliza kama kuna mtoto nje ambaye hatujamtaja. Aliuliza kwa upole, akimtazama kaka mkubwa, na akangoja. Simu ilijibu swali tuliloliuliza. Yeye alituuliza yale tuliyokuwa tunayakwepa.

Wakili, siku nyingine, alikuja na yake. Alitupa asilimia mpya, akatuambia kwamba tangu Julai 2024 sheria za Uganda zimepangwa upya kwa namba mpya, kwa hiyo karatasi nyingi za zamani zinataja sura ambazo si zenyewe tena. Akaeleza njia: cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kumbukumbu za kikao cha familia, halafu ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kuomba cheti cha kutokuwa na pingamizi, na baada ya hapo mahakamani kuomba barua za usimamizi. Alitulipisha, na bei haikuwa ndogo. Mwenyekiti wa LC1 naye, ambaye hakusoma sheria wala faraidhi, ndiye pekee aliyejua kwamba mpaka wa shamba la chini ulisogezwa baada ya mvua kubwa za mwaka ule wa mafuriko, na ni nani alikuwepo walipopanda upya ile mimea ya mpakani.

Kwa mirathi, basi, ushauri wangu uko wazi. Tumia simu kujifunza maneno na kupiga hesabu, uandike "Uganda" katika kila swali, si la kwanza tu, na uulize sheria inayotajwa ni ya mwaka gani. Mgao wenyewe uufanye mbele ya watu unaoweza kuwarudia.

Maradhi

Hapa simu inastahili sifa zaidi kuliko wenzangu wanavyokubali. Mama yangu alirudi kutoka kituo kimoja cha afya na karatasi yenye mwandiko ambao hata mwandishi wake sidhani angeusoma kesho yake. Aliyempa dawa alikuwa na foleni hadi nje, hakumweleza kitu. Tulipiga picha, simu ikasoma: "tds" ni mara tatu kwa siku, "bd" ni mara mbili, "mRDT +ve" ni kwamba kipimo cha haraka kimeonyesha malaria, "Hb" ni wingi wa damu. Mama akaelewa ugonjwa wake kwa mara ya kwanza siku hiyo, na akaanza kuuliza maswali ambayo hakuwahi kumuuliza mhudumu yeyote. Nilimwona uso ukifunguka. Sitasahau.

Ila mtoto mwenye homa hapimwi kwa maneno. Dozi ya dawa mseto ya malaria hufuata uzito wa mtoto, na uzito unahitaji mizani. Mtoto anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, huyo ni wa kukimbizwa kituoni hata kama ni saa nane za usiku. Simu inazijua dalili hizo na itakutajia ukiuliza. Isichoweza ni kumbana ngozi ya tumbo uone inarudi upesi au inachelewa, au kumtazama rangi ya ndani ya kope. Mhudumu wa afya wa kijiji, aliyefunzwa kwa siku chache tu, anaweza.

Kwa maradhi ninachagua hivi: kabla ya kwenda kituoni na baada ya kurudi, simu ni rafiki mzuri. Katikati, pale ambapo mtu anaguswa na dawa inachaguliwa, hapana.

Shamba na shule, kwa kifupi

Shambani kosa huonekana mapema na wengi tunaweza kulipima. Maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere imefanya kazi ya miaka kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani iliyopigwa kwa simu, na kazi ya namna hiyo, iliyojengwa kwa picha za mashamba yetu, naiamini kuliko jibu la jumla la mashine iliyosoma mashamba ya dunia nzima. Hapohapo Kampala, Sunbird AI wamejenga programu za lugha za Luganda, Kiacholi, Ateso, Lugbara na Runyankole. Anayetaka kuuliza kwa lugha ya mama aanzie huko.

Shuleni naumia zaidi, kwa sababu ni kazi yangu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea insha nzuri iliyoanza, "Wahenga walisema, mti wa subira hauhitaji maji ya haraka." Nilimuuliza alimsikia mhenga gani. Akanyamaza. Hakuna mhenga aliyesema hivyo. Simu ndiyo iliyosema. Ilitunga methali ikaipachika kwa wazee wetu, na mtoto wa miaka kumi na sita atamfundisha mdogo wake, na mdogo wake atamfundisha mwingine. Methali ndiyo elimu ambayo mamlaka yake yote yamo katika kusemwa na vizazi. Ukiitunga leo ukaivika mvi, umewasingizia marehemu. Nimewaambia wanafunzi wangu wasahihishe sarufi kwa simu wapendavyo, lakini methali waniletee zilizotoka mdomoni mwa mtu wanayemjua, na waandike jina lake pembeni.

Haki na dhamiri

Hapa watu wengi huniambia, "Lakini mwalimu, mashine haina upendeleo." Ni wazo linalovutia. Haina kabila, haina shemeji, haili rushwa. Nalielewa, maana nimekaa mbele ya watu wenye mihuri waliotaka "chai" kwanza.

Nisimulie jambo la dada wawili ninaowafahamu. Mdogo alimkabidhi mkubwa shilingi 600,000, karo ya muhula wa pili ya mtoto wake. Mkubwa alizitumia hospitalini kwa mama yao. Yakawa maneno. Mdogo akaiuliza simu: je, ni sawa mtu kutumia amana bila idhini? Ikamjibu kwamba si sawa, amana imevunjwa, ana haki ya kuumia na kudai. Mkubwa naye akaiuliza yake: je, ni kosa kutumia fedha iliyokuwa mkononi kuokoa maisha ya mama? Ikamwambia hapana, alifanya jambo la huruma, wala asijilaumu. Kila mmoja akaenda kwa shangazi yao, ambaye Waganda wangemwita ssenga, akiwa ameshika simu kama mtu aliyeshika hukumu ya mahakama.

Shangazi hakuzisoma. Aliomba risiti za hospitali akazipanga kitandani moja moja kwa tarehe. Akamuuliza mkubwa kwa nini hakupiga simu kabla ya kutoa fedha. Mkubwa akasema alipiga mara mbili. Shangazi akamwambia mdogo aonyeshe simu yake, sehemu ya simu zisizopokewa, siku ile. Zilikuwepo, saa nne usiku na saa nne na dakika kumi. Mdogo akalia. Kisha shangazi akamgeukia mkubwa: siku tatu zilizofuata ulikuwa na ulimi, mbona hukusema? Hapo mkubwa naye akainamisha kichwa.

Mashine hazikudanganya. Kila moja ilijibu swali lililoletwa, na kila swali lilikuwa limeshakatwa na mwenye kuliuliza likafanana na jibu analolitaka. Mwaka 2021 taasisi moja ya utafiti ya Marekani, Allen Institute, iliweka hadharani programu iitwayo Delphi, kazi yake ikiwa ni kusema jambo ni jema au baya. Watu waligundua upesi kwamba ukigeuza maneno kidogo hukumu inageuka. Mashine za leo ni hodari zaidi, ila tatizo la upande mmoja kuwa ndio unaosimulia halitibiki kwa uhodari. Kadhi hahukumu kabla ya kumsikia wa pili.

Kuna jambo jingine la kujua. Maadili ya mashine hayakuota yenyewe. Watu walikaa wakalinganisha majibu, hili zuri, lile baya, na mashine ikafundishwa kufuata uchaguzi wao. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, walipoeleza mwaka 2022 namna walivyofanya kazi hiyo, walisema waliajiri watu kama 40, wengi wao wa Marekani na Kusini-Mashariki mwa Asia. Kampuni ya Anthropic ilichukua njia ya kuandika kanuni na kuifundisha mashine izifuate, na baadhi ya kanuni hizo ilizitoa katika Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Sisemi ni watu wabaya wala kanuni mbaya. Azimio hilo nami ningelitia saini. Ninachosema ni kwamba ukiiuliza simu juu ya mahari, ukoo, kumtunza mjane wa kaka au mipaka ya heshima kwa mzazi, kuna baraza nyuma ya jibu, na hakuna mtu wa Bombo aliyekaa katika baraza hilo.

Tena mashine hupenda kukupendeza. Aprili 2025 OpenAI ilibidi iondoe toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linasifu kila mtumiaji na kuunga mkono kila wazo. Kwa Kiswahili tunaita kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Mtu anayefikiria kuvunja ndoa, kumkana ndugu au kuacha kazi kwa hasira anahitaji rafiki anayeweza kumwambia "hapana, kaa chini", halafu akamletea chakula.

Aibu, siri na gharama

Sitakuwa mkweli nikiwasifu watu peke yao. Dada yangu alipomuuliza shehe mmoja swali la twahara ya mwanamke baada ya uzazi, yaani lini arudi kusali, alikatizwa mbele za watu kabla hajamaliza. Hakuuliza tena kwa miaka. Leo anaiuliza simu, usiku, peke yake, na inamjibu kwa adabu mara kumi mfululizo bila kuchoka. Msichana mwenye maumivu ya hedhi, kijana anayeogopa kwamba ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, mke asiyejua kama kupigwa ni jambo la kuripoti: hawa wengi hawana mlango mwingine unaofunguka. Kwao simu ni bora kuliko kunyamaza, na mwenye elimu anayelalamika kwamba vijana wanaiendea mashine na ajiulize mlango wake ukoje.

Siri, hata hivyo, ina pande mbili. Simu haitamsimulia jirani. Lakini ulichoandika kinasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali. Tuna sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ni sheria nzuri, ila usiandike jina kamili la mtu, namba ya kitambulisho wala picha ya hati ya ardhi. Uliza kwa "mtu fulani". Jibu litakuwa lilelile.

Gharama hazihitaji maneno mengi: bando la siku ni bei ya chapati chache, wakili ni bei ya mbuzi au zaidi. Asiye na uwezo aanzie kwa wanaotoa msaada wa sheria bure, kama FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, ambao wamekuwepo tangu 1974, kabla hajaamua kwamba simu ndiyo wakili wake.

Ninavyochagua mwenyewe

Mtu akiniletea swali huwa namuuliza kwanza: ukikosea, nani ataumia, na utamrudia nani? Kama kosa litaonekana papo hapo na hakuna anayeumia, tafsiri, barua, hesabu, maana ya neno, namwambia aulize simu na asinisumbue mimi. Kama jibu litamwondolea mtu ardhi, mtoto, ndoa au afya, namwambia aende kwa mtu mwenye jina na mlango, akiwa na maswali aliyoyaandaa kwa simu usiku uliotangulia. Na kama wenye majina wawili wanapingana, kama shehe na wakili walivyopingana kwetu juu ya fungu la mjane, hapo ndipo familia ikae yenyewe, maana hata hao hawawezi kutuondolea kazi hiyo.

Sisi tulikaa mara tatu. Mahari yalilipwa kwanza, na deni la mbolea. Wavulana wawili walisema mama yao achukue hesabu iliyo kubwa kati ya hizo mbili, ile ya sheria ya nchi, na hakuna aliyewashurutisha. Shehe akawaombea dua, akasema mtu mzima akitoa katika fungu lake kwa radhi yake, hakuna anayemzuia. Shangazi yao mzee, yule dada aliyekuwa akimtegemea marehemu, bado hatujamalizana naye. Anataka chumba, hataki fedha, na chumba hakimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Jumanne tunakwenda Kampala na cheti cha kifo, barua ya LC1 na kumbukumbu za vikao, kurasa nne nilizoziandika kwa mkono na mjane akazitia sahihi baada ya kusomewa neno kwa neno. Mpwa wangu atakuja na simu yake. Fomu za huko ni za Kiingereza, na mjane amemwomba amtafsirie kila mstari kabla hajaweka kidole.